Ile Stika Chini ya Ubao



Wiki mbili zilizopita, Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, dogo mmoja wa mtaani kwetu hapa Upanga alinifuata na simu mkononi. "Kaka, nimepata mchongo. Naomba unisomee." Ilikuwa meseji ya mtu aliyejitambulisha kuwa ofisa masoko wa kampuni fulani. Wameona klipu zake Instagram akiruka ngazi na ubao wa skate, wamempenda, wanataka kufanya naye kazi. Watampa fulana, viatu pea mbili, ubao mpya, na hela kidogo kila akiposti. Chini ya meseji kulikuwa na mkataba wa kurasa nne, Kiingereza kitupu. Dogo ana miaka 16. Alikuwa anatabasamu hadi anashindwa kuongea vizuri.

Nikamwambia aniachie, nisome usiku, kesho yake tuonane baada ya Misa ya pili. Ukweli ni kwamba sikuhitaji usiku mzima kusoma kurasa nne. Karatasi ya namna ile niliwahi kuisaini mwenyewe, na kibaya zaidi, niliwahi kuwasainia na wengine. Kwa hiyo vijana wenzangu mnivumilie, tafakari ya leo ni ndefu kidogo na nusu yake ni kama kitubio cha hadharani. Kile cha kwenye kiti cha maungamo nilishakifanya, msiwe na wasiwasi.

Kwa wasiojua, Upanga siku ya Dominika ni mahali pazuri sana kwa mtu wa skate. Ofisi zimefungwa, magari ni machache, lami za mitaa ya ndani kuelekea Barabara ya Umoja wa Mataifa zinapitika bila kupigiwa honi. Hatuna uwanja wetu. Tunatafuta maegesho yenye sakafu laini, tunacheza mpaka mlinzi aamke, tunahamia kwingine. Ubao wenyewe ulikuwa wa mtumba, tunachimba Kariakoo kwenye mizigo ya vitu vya watoto kutoka Ulaya, ukibahatika unapata wenye magurudumu yanayozunguka. Nilikuwa na miaka 22 na nilikuwa mkubwa kuliko wenzangu wengi, ndiyo maana waliniita kocha. Jina hilo lilinipanda kichwani.

Kampuni ilipokuja, ilikuja kwangu mimi kocha. Sitaitaja, na wala haijalishi, maana ningeweza kubadilisha jina nikaweka lingine na hadithi ikabaki ileile. Walitaka vijana wanane kwa siku moja ya kupiga picha za tangazo, katikati ya jiji, Dominika asubuhi kwa sababu barabara ni tupu. Mimi nililipwa laki nne kwa "uratibu". Vijana, elfu thelathini kila mmoja na fulana. Watatu kati yao walikuwa na miaka 14 na 15. Kwenye karatasi palihitajika saini ya mlezi. Nikasaini mimi.

Walikuja watu wa kazi kwelikweli. Kamera tatu, kamera ya kurushwa angani, mwavuli mkubwa wa kivuli, dada wa kupaka poda ili sura zisiwake jua, kijana wa kushika karatasi ya kuakisi mwanga. Kila kitu kwa dakika. Nakumbuka niliwaza, hawa ndio watu wenye weledi, na sisi leo tumekuwa wa maana. Chini ya kila ubao walibandika stika yenye nembo yao, kubwa, ili ubao ukiruka ionekane. Kofia ngumu haikuwepo hata moja. Sanduku la huduma ya kwanza halikuwepo. Sikuuliza. Na Misa hiyo Dominika hatukwenda, hata mmoja wetu, wakati wawili kati ya wale watoto walikuwa kwenye mafundisho ya Kipaimara.

Saa tano na kitu yule mdogo kabisa aliambiwa arudie kuruka kwa mara ya saba au ya nane, maana nembo haikuwa imeonekana vizuri. Aliangukia mkono. Mfupa ulivunjika sehemu mbili. Picha zikaendelea, maana mwavuli na kamera vilikuwa vya kukodi mpaka saa nane. Nilimpandisha kwenye bajaji na mwenzake mmoja, nikabaki. Nimeandika neno hilo na kulifuta mara mbili. Nilibaki.

Baadaye kampuni ikasema, kwa lugha ya adabu sana, kwamba karatasi ilieleza wazi kuwa kila mshiriki ameshiriki kwa hiari yake na kwa hatari yake, na mlezi amesaini. Hilo lilikuwa kweli. Mama yake dogo anauza vyombo vya plastiki Kariakoo, na ndiye aliyelipa hospitali, laki tatu na nusu, kwa kuvunja kikoba chao kabla ya zamu yake. Dogo akakaa na hogo wiki sita. Mimi laki nne zangu nilikuwa nimeshanunua simu.

Miezi ilipita ndipo nikamweleza padre mmoja, na si kwenye maungamo, tulikuwa tumekaa tu nje kwenye benchi tukitazama wenzetu wakicheza kikapu pale Don Bosco. Nilitegemea atayasema makampuni. Nilikuwa nimeandaa hata hotuba yangu kuhusu mabepari. Yeye akaniuliza kama namjua mwenye jina la uwanja ule. Nikasema namjua, mtakatifu wa vijana. "Unajua alikuwa anasaini mikataba?"

Sikujua. Labda na wewe hujui, maana picha tunayopewa ya Don Bosco ni ya padre anayetabasamu na watoto. Tuanze mbali. Alizaliwa mwaka 1815 kijijini kaskazini mwa Italia, akafiwa na baba akiwa na miaka miwili. Utotoni alijifunza michezo ya wanasarakasi wa magulioni, akafunga kamba kati ya miti miwili, akatembea juu yake. Majirani walikusanyika. Kiingilio kilikuwa sala: kabla ya onyesho mnasali, na mnasikiliza marudio ya mahubiri ya Dominika. Ukitaka kumwita mtu wa skate wa zamani zile hutakosea sana.

Alipopewa upadre mwaka 1841 na kuanza kuzunguka mji wa Torino, alikuta vijana wametoka vijijini wanabeba matofali na kuchanganya chokaa, wanapigwa, wanatumwa sokoni badala ya kufundishwa ufundi, hawapumziki siku ya Bwana. Akawakusanya Dominika kwa sala na michezo. Lakini kati ya Dominika na Dominika aliwafuata kazini kwao, juu ya majukwaa ya ujenzi na ndani ya karakana, kuona wanaishije. Kisha akaanza kukaa mezani na waajiri. Mkataba mmoja unaojulikana sana ni wa Februari 1852, kati ya fundi seremala na kijana mwanagenzi wake. Umeandikwa kwenye karatasi yenye muhuri wa serikali. Fundi anaahidi kumfundisha ufundi wenyewe, asimtumikishe kwa mambo mengine wala kazi inayozidi nguvu zake. Akikosea, amrekebishe kwa maneno tu. Siku za sikukuu awe huru. Kila mwaka apate siku 15 za mapumziko. Malipo yameandikwa, na yanapanda mwaka hadi mwaka. Kijana naye anaahidi utii na bidii. Na Don Bosco ameweka saini yake humo, akichukua dhamana ya mwenendo wa kijana.

Padre akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na wewe ulisaini kama mlezi. Tofauti ni nini?"

Jamani. Ningependa kuwaambia nililia, sikulia, nilikasirika. Nilimwambia, Padre, zama zile ni zile, hii ni biashara ya kisasa, usipokubali wewe anakubali mwingine. Hoja hiyo ya mwisho mtaisikia sana maishani na ni ya kweli, ndiyo maana ina nguvu.

Nilivyopoa nikaanza kusoma. Papa Leo XIII aliandika waraka wake juu ya wafanyakazi mwaka 1891, miaka mitatu baada ya Don Bosco kufariki. Mle ndani anakabili swali hilohilo langu: je, pande mbili zikishakubaliana, basi haki imetimia? Anajibu hapana. Anasema iko haki iliyo ya kale na ya juu kuliko makubaliano ya watu wawili, na mtu anayekubali masharti magumu kwa sababu ya shida au kwa hofu ya kupata baya zaidi, huyo ametendewa nguvu, hata kama mkono ulioshika kalamu ni wake. Na Papa wetu wa sasa alieleza mwenyewe, siku chache baada ya kuchaguliwa Mei 2025, kuwa amechukua jina la Leo hasa kwa kumkumbuka yule wa 1891. Kwa hiyo hili si jambo la maktaba.

Sasa nisije nikawapotosha. Kampuni si shetani. Nenda Kidongo Chekundu, hatua chache kutoka Kariakoo, utakuta JMK Park, bustani ya michezo iliyofunguliwa 2015 kwa fedha za kampuni ya umeme ya Symbion ikishirikiana na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Watoto wa mjini wanacheza pale. Au panda basi mpaka Kampala. Pale Kitintale, mwaka 2006, vijana wa mtaa walichanganya saruji kwa mikono wakajenga uwanja wa skate, wa kwanza Uganda. Nairobi, Kangemi, kwenye makao ya watoto ya Shangilia, uwanja ulijengwa na shirika la Kijerumani la skate-aid, ambalo mwanzilishi wake, Titus Dittmann, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mfanyabiashara mkubwa wa vifaa vya skate. Hela ya biashara imejenga mahali watoto wanapoanguka na kuinuka. Siwezi kuitukana.

Wala msidhani wazungu wenyewe walilipokea jambo hili kirahisi. Huko Marekani mchezo ulikuwa na kampuni zake ndogo, nyingi za wachezaji wenyewe. Mchezaji mwenye jina alichapwa jina lake chini ya ubao, akapata fungu kwa kila ubao uliouzwa. Ukiumia, shauri yako, maana wengi hawakuwa waajiriwa wa mtu. Kampuni kubwa za viatu zilipojaribu kuingia miaka ya 1990 zilikataliwa kama wageni. Nike ikarudi 2002 kwa akili zaidi, ikapitia maduka madogo ya wachezaji na kuwalipa wachezaji wanaoheshimika, na iko mpaka leo. Kampuni moja ndogo, Consolidated, ikafanya kampeni nzima ya kuwaambia watu wasikubali, ikigeuza kaulimbiu ya mkubwa huyo. Wengine wakasema wakubwa wameleta mishahara, safari, madaktari. Wote wana ushahidi. Mwaka 2021 mchezo ukaingia Olimpiki ya Tokyo, na dhahabu ya wasichana upande wa mitaani akachukua Momiji Nishiya wa Japani, mwenye miaka 13. Mtoto wa darasa la saba kwa hesabu zetu. Nilifurahi mno siku ile, na hapohapo nikamkumbuka wa kwetu mwenye hogo. Ndivyo dhamira inavyofanya kazi, haichagui siku.

Hapa ndipo Injili ya sarafu iliponikamata, ile ya Mathayo sura ya 22 tunayoisoma Dominika ya 29 ya Mwaka A. Mafarisayo wanamtega Yesu kuhusu kodi ya Kaisari. Yeye anaomba aonyeshwe sarafu, na anauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Ya Kaisari. Basi, Kaisari apewe kilicho chake, na Mungu apewe kilicho chake. Miaka yote nilisikia mahubiri ya kodi na serikali kwenye somo hilo. Siku moja katekista wetu, mzee asiyejua hata skate ni nini, akauliza swali dogo: sarafu ina sura ya Kaisari, haya, na kitu chenye sura ya Mungu ni kipi? Watoto wakajibu kwa pamoja, sisi! Kwa maana tunajua kutoka Mwanzo kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu.

Nikaiona ile stika. Ubao wenye nembo ya kampuni, wapewe wenyewe, sina ugomvi, ubao ni wao na stika ni yao. Ila mkono uliovunjika haukuwa na stika. Ule ulikuwa na chapa nyingine, na mimi niliukabidhi kwa laki nne pamoja na vitu vya Kaisari, kwenye furushi moja, bila kutenganisha.

Yuko pia Mtakatifu Carlo Acutis, ambaye wengi wenu mna picha yake kwenye simu. Alifariki 2006 akiwa na miaka 15 na alitangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Mwili wake upo Assisi, amevaa jinzi na raba za Nike. Watu wengine zile raba zinawakwaza. Mimi zinanifariji, ila angalieni alipolazwa. Kanisa lile ni patakatifu pa kukumbuka jinsi Fransisko, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa, alivyovua nguo zake zote mbele ya askofu na kumrudishia baba yake. Raba za kampuni, ndani ya nyumba ya mtu aliyevua kila kitu. Na inasimuliwa kwamba mama yake Carlo alipotaka kumnunulia viatu pea ya pili alikataa, moja ilimtosha. Alivivaa viatu bila kuwa mali ya viatu. Sijui namna nyingine ya kuliweka.

Nirudi kwenye deni langu. Zakayo alisema atarudisha mara nne. Mimi hata mara moja nilirudisha kwa awamu, miezi minane, nikituma kwa simu ili nisionane na mtu. Awamu ya mwisho padre alinilazimisha kwenda mwenyewe. Nilimkuta mama amekaa kati ya ndoo na mabeseni, wateja wanapita. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikatoa hela, nikaomba radhi, maneno yakanipotea katikati. Akahesabu, akafunga kwenye kona ya khanga. Akasema, "Hela nimeipata baba, nashukuru. Ila siku ile nilitaka uje wewe. Mtoto alikuwa anauliza kocha yuko wapi." Kisha akamgeukia mteja aliyekuwa anauliza bei ya jagi.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini kurasa nne za dogo wa sasa zilininyima usingizi.

Dominika ile tulikaa watu watano baada ya Misa: dogo, baba yake, mama mmoja wa jumuiya yetu ambaye ni mwanasheria, mwenyekiti wetu wa VIWAWA, na mimi. Mwanasheria alianza na lililo wazi, kwamba mtoto wa chini ya miaka 18 hasaini peke yake, na kwamba "kaka wa mtaani" si mzazi. Akanitazama kidogo. Tukasoma mstari kwa mstari, tukitafsiri kwa sauti, maana mtu asisaini asichoelewa mzazi wake. Kifungu kimoja kilisema kampuni itatumia picha zake milele na popote. Baba akauliza, "Milele hii ni ile ya Mungu au nyingine?" Tulicheka, lakini alikuwa ameuliza swali la maana kuliko sisi wote. Kingine kilimzuia kuvaa nembo nyingine yoyote hadharani. Fulana ya kwaya yetu ina nembo ya parokia. Sidhani walikuwa na ubaya, nadhani walinakili tu mkataba wa mtu mzima wa nchi nyingine.

Hatukuukataa. Hapo dogo alishangaa, alidhani tumekuja kumzuia. Tuliandika kwa kalamu pembeni: kofia ngumu na vikinga magoti vitolewe na kampuni. Matibabu ya ajali ya kazini yalipwe nao. Hakuna kupiga picha siku za shule wala Dominika kabla ya Misa. Picha zitumike mwaka mmoja, kisha tuzungumze upya. Mzazi awepo kila wanapopiga picha. Na upande wa dogo tukaandika pia, maana weledi si wa kudai tu: atafika kwa wakati, atatunza vifaa, hatadanganya kuhusu anachokitangaza, na akishindwa shuleni baba atasimamisha. Hicho cha mwisho hakukipenda hata kidogo. Ukiangalia vizuri, zaidi ya nusu tuliiba kwa Don Bosco.

Tukatuma Jumatatu. Alhamisi ofisa masoko akanipigia, sauti ya mtu mstaarabu na mwenye haraka. Alisema hawajawahi kurudishiwa mkataba umeandikwa kwa kalamu. Akaniuliza, "Samahani, wewe ni nani kwake?" Nilikaa kimya sekunde kadhaa. Zamani ningesema kocha. Nikamwambia mimi ni kaka yake wa parokia, na kwamba baba yake yuko hapa akitaka kuongea naye. Akasema atawasiliana na wakubwa wake.

Mpaka naandika hapa hawajajibu. Dogo amenuna, jana alinipita karibu na Diamond Jubilee akiwa juu ya ubao wake wa mtumba, akaniinulia kidole gumba bila kupunguza mwendo, sijui ilikuwa salamu au kejeli. Jumamosi tunakutana tena na baba yake. Tuombeeni.